Ameachishwa Mashine, Asiachwe Peke Yake

Ndugu zangu Waislamu, mwaka jana baada ya swala ya Ijumaa kamati yetu ilisimama mbele ya waumini kumwombea mchango mama mmoja aliyetokwa na damu nyingi alipojifungua, figo zake zikasimama ghafla. Alisafishwa damu kwa mashine wiki tatu, mkojo ukarudi, naye akarejea nyumbani. Tulimshukuru Allah, tukafunga daftari la michango. Miezi minane baadaye miguu ilimvimba na shinikizo la damu likapanda. Alipopimwa, figo zilikuwa zimeshaanza kudhoofika upya. Muda wote huo hakuwa amerudi kliniki, wala sisi hatukumuuliza.

Kusimama kwa figo ghafla, iwe kwa kutokwa na damu, malaria kali, kuharisha au dawa, si sawa na ugonjwa sugu wa figo. Wengi wanaonusurika huachishwa mashine baada ya wiki au miezi michache. Lakini kuachishwa mashine si lazima kuwe ndiyo kupona. Sehemu ya figo iliyokufa huacha kovu, na sehemu iliyobaki hubeba mzigo wa yote, kimya kimya, bila maumivu.

Mwaka 2009 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 3,769 waliosafishwa damu kwa sababu hiyo, kisha wakaishi bila mashine siku 30 au zaidi. Wakilinganishwa na wagonjwa wengine waliolazwa, hatari yao ya kuja kuhitaji mashine ya kudumu ilikuwa takribani mara 3. Hata hivyo, waliofikia hapo hawakuzidi 3 katika kila 100 kwa mwaka. Basi tusikate tamaa, wala tusijisahau.

Aliyepitia mtihani huu apimwe tena inapofika miezi 3: kreatinini katika damu, protini katika mkojo, na shinikizo la damu. Baada ya hapo arudi kama daktari atakavyompangia, walau mara moja kwa mwaka. Asinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa kujiamulia, na ajiepushe na dawa za miti shamba asizozijua. Akitapika au kuharisha sana, awahi hospitali. Ramadhani ikikaribia, amwulize daktari kabla ya kufunga. Sheria imempa mgonjwa ruhusa, na kuitumia ruhusa hiyo si aibu.

Kamati yetu imejifunza. Sasa tunapomchangia mgonjwa wa namna hii, tunatenga mapema nauli na gharama za vipimo vya mwezi wa 3 na vya mwaka wa kwanza. Fedha hizo ni kidogo mno zikilinganishwa na gharama za kurudi kwenye mashine.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwako au jirani yako yupo aliyewahi kusafishwa damu akapata nafuu, muulize leo: mara ya mwisho ulipima lini? Akikosa jibu, mshike mkono umpeleke.