Mwenye Kiti na Mwenye Kichekesho

Kenani ni mahali pa kupita. Kituo hiki cha kupokelea wakimbizi kiko wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Kilijaa watu mwaka 2017, vita vilipochacha katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika nchini Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru, na kuanzia 2018 wengi wao walihamishiwa makazi ya Mantapala, wakapewa viwanja vya kujenga na kulima. Ng'ambo hiyo kuna mji uitwao Kilwa. Msomaji wa pwani asishtuke: si Kisiwani wala Masoko, ni Kilwa ya Kongo, yenye samaki wake na ziwa lake.

Naanzia huku kwa sababu Kenani panafaa kuuliza swali ambalo ukiwa Nairobi au Dar es Salaam unaweza kuishi nalo bila kuliona. Mchekeshaji akisimama mbele ya watu hawa, aseme lugha gani? Kiswahili cha Katanga, kinachosema "bantu" pale sisi tunaposema "watu", ni cha waliovuka maji. Kibemba kinaeleweka kote kote, ila si kwa kila mtu. Kiingereza ni cha ofisi za Zambia na Kifaransa ni cha madarasa ya Kongo. Mzaha unaowavunja mbavu hawa utawaacha wale wakitazamana. Anahitajika mtu wa pili, ambaye kazi yake si kuchekesha kwanza bali kukaa katikati: kumjulisha huyu kwa wale, kusoma nyuso, kujua nani bado hajacheka na kwa nini.

Mtu huyo kwenye televisheni tunamwita mwendesha kipindi. Tumezoea kumwona mchekeshaji akipewa kiti hicho tukadhani amepandishwa cheo tu, kama karani anayekuwa meneja. Kumbe amebadilishwa kazi. Wapo waliokuwa hodari wa ile ya kwanza wakaanguka katika ya pili, na yupo mmoja ambaye, kwa maoni yangu, hakuwa bingwa wa ile ya kwanza lakini katika ya pili Afrika Mashariki haijapata wa kumzidi. Naye ni Daniel Ndambuki wa Kenya, anayejulikana zaidi kwa jina la Churchill.

Kabla ya kumfikia, tumpe haki yake mzee wa Katanga. Lubumbashi ilikuwa na nyota wake wa vichekesho zamani: Mufwankolo, jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili. Kundi lake lilicheza redioni, kisha kwenye televisheni, kwa Kiswahili kilekile cha mjini Lubumbashi ambacho wasomi walikiona cha vichochoroni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa nao mwaka 1986 walipotunga mchezo mzima kutokana na usemi mmoja, kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima, na kitabu alichoandika juu ya kazi ile kilitoka 1990. Mufwankolo alikuwa mhusika. Aliingia katika kisa kama baba wa nyumba, mlevi au chifu, na mtazamaji alimfuata humo ndani. Mwendesha kipindi hufanya kinyume: hutoka nje ya kisa, akakutazama usoni na kukukaribisha kwa jina lake mwenyewe.

Ndambuki alijifunza yote mawili, na shule yake kubwa ilikuwa redio. Kwa miaka mingi Wakenya walimsikia asubuhi kwenye Classic 105 akiwa pamoja na Maina Kageni. Pale hakuwa Churchill, alikuwa Mwalimu King'ang'i, mwanaume wa Ukambani mwenye lafudhi nzito, mtetezi wa waume wote duniani. Maina angeanzisha mada ya ndoa na kuwatetea kina mama, King'ang'i angepinga, na wasikilizaji wangepiga simu wakiwa kwenye matatu, jikoni, kazini. Ukikisikiliza kipindi kile kwa makini utagundua kwamba vichekesho vingi havikutoka kwa King'ang'i. Vilitoka kwa waliopiga simu. Yeye alitia neno moja, akaguna, akauliza "eeh?" kama mtu asiyeamini masikio yake, na mpiga simu mwenyewe akaendelea kujichimbia shimo. Hapo ndipo mwendesha kipindi alipozaliwa, miaka kabla ya kamera. Redio inamfundisha mchekeshaji jambo ambalo jukwaa halimfundishi, nalo ni kunyamaza.

Jukwaani kunyamaza ni hatari. Anayefanya stendapu hupewa dakika kama kumi, maiki moja, na watu waliolipa. Hutandika maneno polepole kisha huangusha lile la mwisho, na asipocheka mtu, huona jasho likimtoka. Kila sekunde ni yake, na kicheko kikija hukihesabu kuwa mali yake. Mwendesha kipindi anakaa saa nzima na zaidi, na vingi vya vicheko vya usiku ule si vyake. Atauchangamsha ukumbi ili mwingine aukute una moto. Chipukizi akiharibu, ukumbi ukapoa, ni yeye atakayeingia kuuokoa bila kumwaibisha aliyeuua. Mwanamuziki akija atamhoji, mwanasiasa akija atamkalisha mahali ambapo atataniwa lakini hataondoka kwa hasira. Mwenye choyo cha kicheko haiwezi kazi hii. Nimewaona wachekeshaji wazuri wakikabidhiwa kiti na kushindana na kila mgeni wao, mpaka unamhurumia mgeni.

Churchill Live ilianza kuonyeshwa NTV mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, ikirekodiwa mbele ya watu katika Carnivore, eneo la Lang'ata jijini Nairobi, kisha ikawa Churchill Show, ya Jumapili jioni. Njia ilikuwa imeshafyekwa na Redykyulass, vijana watatu waliotokea Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliothubutu kumwigiza Rais Moi kwenye televisheni akiwa bado Ikulu. Hao walikuwa kundi la kuigiza, kazi zao ziliishia kwao watatu. Alichoongeza Ndambuki ni mlango. Kila wiki chipukizi waliingia wakiwa hawajulikani, na baadhi walitoka wakiwa majina: Eric Omondi, MC Jessy, Chipukeezy, Teacher Wanjiku, Mammito na wengine wengi. Kipindi kikatoka Nairobi kikazunguka Mombasa, Kisumu, Eldoret, Machakos, na kila kilipotua waliochekeshwa walikuwa wenyeji na waliotaniwa walikuwa wenyeji vilevile.

Hapa inabidi tukae kidogo, maana utani ndio kiini cha mambo. Wakenya walitoka kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, yaliyoua zaidi ya watu 1,100. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria iliyounda Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano, na maneno ya chuki za kikabila yakawa kosa la jinai. Miaka hiyohiyo, Jumapili jioni, taifa zima lilikaa kuwacheka Wakikuyu kwa kupenda pesa, Wajaluo kwa majivuno, Wakamba kwa lafudhi, Waluhya kwa ugali na kuku. Kuna waliosema huku ni kuzifanya chuki zilezile zionekane tamu. Wengine walisema ni dawa. Mimi nadhani pande zote mbili ziliangalia maneno zikasahau kanuni inayoyaongoza.

Utani wa kwetu una kanuni. Wanyamwezi walitaniana na makabila yaliyokuwa kwenye njia ya misafara mpaka pwani. Nchini Zambia, Wabemba na Wangoni waliopigana karne ya 19 leo wanatukanana misibani na hakuna anayenuna, na Wabemba wenyewe wana koo zilizopangwa kutaniana, jambo ambalo Audrey Richards aliliandika mwaka 1937. Kwenye utani wa namna hiyo hakuna anayetania tu. Leo unanitania, kesho nakutania, na ndugu wote wanajua deni liko upande gani. Mzaha wa kikabila huwa sumu pale unapokwenda upande mmoja. Churchill, Mkamba aliyeanza kujitania yeye mwenyewe kwa lafudhi ya kwao kabla hajamgusa mtu, kisha akampa jukwaa Mjaluo amjibu na Mkikuyu awajibu wote wawili, alikuwa anatunza daftari la madeni. Ni kazi ya mwenye kiti hiyo. Mchekeshaji peke yake, hata awe na nia njema namna gani, hawezi kujijibu.

Zaidi ya kutunza daftari hilo, jambo la pili lililomkalisha kitini muda mrefu ni hesabu za kibiashara, ambazo wasanii wetu hawapendi kuzizungumza. Kipindi kilitengenezwa na kampuni yake mwenyewe, Laugh Industry. Tanzania ina kisa cha kulinganisha. Wachekeshaji Masanja, Joti, Mpoki na wenzao walilipa jina Ze Komedi umaarufu mkubwa kwenye EATV, lakini walipohamia TBC mgogoro wa jina ukawafuata, ikabidi waitwe Orijino Komedi. Vichekesho walihama navyo, jina likabaki nyuma. Ndambuki alijua mapema kwamba kituo cha televisheni hukodisha macho ya watu, na kwamba jina lililoandikwa juu ya mlango lisipokuwa lako wewe ni mpangaji.

Lakini mwenye nyumba hulaumiwa nyumba ikivuja. Mwaka 2017 Ayeiya, mmoja wa vijana waliopendwa wa kipindi kile, alifariki kwenye ajali ya barabarani. Mwaka 2020 uliwachukua Kasee na Othuol Othuol. Mitandaoni lawama zilimwelekea Churchill: kwamba alitajirika kwa migongo ya vijana, kwamba waliumwa na kusongwa na mawazo yeye akitazama. Naye alijitokeza kueleza aliyoyafanya kwa ajili yao na yaliyomshinda. Sina mizani ya kuamua kati yao. Ninachokiona ni asili ya lawama yenyewe. Hakuna anayemlaumu mchekeshaji kwa kifo cha mchekeshaji mwenzake. Watazamaji walikuwa wamemfanya Ndambuki mzazi, bila karatasi wala mkataba, kwa sababu kila Jumapili walimwona akiwashika mabega vijana wale na kuwatoa mbele ya watu kama baba anayewatambulisha wanawe. Televisheni humpa mwendesha kipindi undugu ambao ofisi yake haina bajeti nao.

Dunia ya mbali inatuonyesha namna nyingine ya kiti hiki. Mchekeshaji Trevor Noah, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1984, alikuwa na kipindi chake nyumbani Afrika Kusini mwaka 2010, na tarehe 28 Septemba 2015 akakirithi kipindi cha The Daily Show huko Marekani, kiti alichokuwa amekikalia Jon Stewart tangu 1999. Akakiacha Desemba 2022, akarudi kwenye maiki yake ya peke yake. Kiti cha Noah kilikuwa meza ya habari: yeye mbele, waandishi wake nyuma ya pazia, na mada ni serikali. Cha Churchill kilikuwa ukumbi wa harusi. Simwiti hivyo kwa dharau. Kwetu mchekeshaji hufuzu kwa kuwa emsii, na emsii mzuri anajua bibi harusi ametoka wapi, mjomba gani amenuna, na ni mzaha upi utaanzisha vita kabla keki haijakatwa. Ndiyo maana Noah aliweza kuondoka na kipindi kikaendelea na wengine, lakini Churchill Show bila Churchill ni harusi isiyo na mwenyeji.

Waliopita kwenye njia hii baadhi yao walikwenda mbele zaidi ya televisheni. John Kiarie wa Redykyulass akawa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, na Felix Odiwuor, yaani Jalang'o, aliyechekesha na kutangaza redioni na kwenye televisheni, akashinda ubunge wa Lang'ata mwaka 2022. Ukishawazoesha watu kukuona ukiwakaribisha wengine, siku ukiomba kura huonekani mgeni. Hilo lingehitaji makala yake.

Nirudi ziwani. Leo kipindi cha saa nzima hakisafiri kizima. Kinakatwa vipande vya dakika tano tano, vinapandishwa YouTube, vinashushwa, vinarushwa WhatsApp kutoka simu hadi simu, na hivyo ndivyo Mkongomani anayejua Kiswahili anavyoweza kumcheka Mkenya akiwa Nchelenge bila televisheni wala umeme wa uhakika. Mkataji wa vipande huanzia pale mchekeshaji anapoishika maiki, maana hapo ndipo penye kicheko. Sikiliza sekunde ya kwanza ya kipande kama hicho. Mara nyingi utasikia mkia wa sauti ya mwanaume, anamalizia kulitaja jina la kijana na watu wanapiga makofi. Kisha anatoka kwenye picha, na kipande kinaanza.