Mirambo: Dola iliyozikwa na mwenyewe

Na Mwandishi Wetu, Louisville, Marekani

WENGI wetu tunalijua jina la Mirambo kwa sababu ya mtaa wa Dar es Salaam au kambi ya jeshi ya Tabora. Wachache tunajiuliza dola yake iliishia wapi.

Mirambo alizaliwa karibu mwaka 1840, katika ukoo wa watemi wa Uyowa, Unyamwezi. Alirithi utemi mdogo akaupanua kwa vita. Askari wake, ruga-ruga, walikuwa vijana wenye bunduki na mikuki, na ujira wao ulikuwa ngawira.

Mwaka 1871 aligombana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Biashara ya pembe za ndovu ikakwama. Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu kumpiga. Walishindwa, na Stanley akalazimika kuzunguka kwa kusini. Mwaka 1876 Stanley huyo huyo alichanjiana naye damu, akamfananisha na Napoleon. Mwaka 1879 Mirambo alimkaribisha Urambo daktari mmisionari, Ebenezer Southon. Wakati huo hata Uvinza ilikuwa mkononi mwake.

Tarehe 2 Desemba 1884 Mirambo akafariki kwa maradhi. Nduguye, Mpandashalo, alirithi kiti, lakini hakurithi hofu wala heshima.

Kisa ni hiki. Mirambo alipomshinda mtemi, mara nyingi alimsimika jamaa wa ukoo ule ule, mradi amtii. Utii huo ulikuwa wa mtu kwa mtu. Alipozikwa, watemi wakajiona huru. Ruga-ruga nao, ngawira ilipopungua, hawakuwa na sababu ya kubaki. Mpandashalo aliuawa vitani mwaka 1890, mwaka ule ule bendera ya Wajerumani ilipopandishwa Tabora. Dola iliyowahi kufunga njia ya misafara haikuwepo tena kuwazuia.

Ndugu msomaji, kila uchaguzi wa nyumbani unapokaribia, sisi wa huku Okolona hubishana hadi usiku wa manane: nani shujaa, nani mkombozi. Sijasikia hata mmoja akiuliza, huyo mkombozi akifa kesho, mahakama, bunge na magazeti yatasimama kwa miguu ya nani? Wanyamwezi walilipata jibu lao katika miaka sita tu.