Mcha Mungu: hiyo "cha" ni ipi?

Vijana wa darasa la ubatizo hapa Kindu wanatuuliza mara nyingi: "Mchungaji, mcha Mungu, hiyo 'cha' ni ya nini?" Swali lao ni la haki. Katika Kiswahili chetu cha Maniema, kilichotufikia na misafara ya Nyangwe na Kasongo, tunasema kuogopa. Kucha tunayoijua ni ile ya asubuhi, kumekucha, pamoja na kucha za vidole.

Kumbe ni maneno mawili yaliyokutana katika sauti moja. Kiganda bado kinayatenga: okukya ni kupambazuka, okutya ni kuogopa. Kinyarwanda vilevile: gucya na gutinya. Katika Kiswahili yote mawili yamekuwa kucha. Basi mcha Mungu ni anayemwogopa Mungu, na neno limejengwa kama mpiga ngoma au mla nyama. Waingereza wameunganisha kinyume, Mungu mbele na kuogopa nyuma: God-fearing. Na hiyo "fear" yao, zamani sana, ilikuwa jina la hatari inayokuja ghafla, si la hofu ya moyoni.

Hatari ya ghafla watu wetu wanaijua. Wengi wamekimbia vijiji usiku kwa sababu ya bunduki. Ukimwambia mama aliyekimbia hivyo kwamba amwogope Mungu, atamweka Mungu upande gani? Na wako wahubiri, tusifiche, wanaotumia hofu hiyohiyo kudai sadaka.

Kutoka 20:20 inatusaidia. Musa anawaambia watu wasiogope, na katika aya hiyohiyo anasema hofu ya Mungu iwe mbele yao wasitende dhambi. Kiebrania kinatumia mzizi mmoja mara zote mbili. Hofu ya kwanza imewafanya wasimame mbali. Ya pili inawalinda. Zaburi ya 130 inaongeza jambo la ajabu: Mungu anaogopwa kwa kuwa anasamehe. Hakuna mwenye bunduki anayeogopwa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo "mcha" hatuliachi katika mahubiri, ingawa ni neno la kitabuni, tunalieleza. Mfano wetu ni Kornelio wa Matendo 10, mkubwa wa askari wa Roma, mcha Mungu aliyewapa maskini sadaka nyingi. Vijana hushangaa kila mara kwamba mtu wa kwanza tunayewaonyesha ni mwanajeshi.