Raba ya Breki: Kitu Kidogo, Kazi Kubwa



Kikundi kikiwa na pikapu ya kupeleka maziwa au mboga sokoni, kila mtu huangalia mafuta na magurudumu. Pale dereva anapoweka mguu tunapasahau.

Pedali ya breki na ya klachi ni chuma. Huvishwa raba yenye mistari ili kiatu kishike. Raba ikilika, mistari huisha. Ikitoka, hubaki chuma kitupu. Sasa mvua inanyesha, viatu vya dereva vina matope. Akikanyaga breki kwa ghafla kwenye mteremko, mguu unateleza. Breki ni nzima, lakini gari haisimami!

Basi fanyeni hivi:

1. Kagueni raba kila mwezi. Ikiwa imelika, imepasuka au inachezacheza, nunueni nyingine inayotoshea gari yenu.

2. Osheni pedali kwa sabuni, ikauke. Ingizeni ukingo mmoja wa raba, halafu vuteni mwingine mpaka ishike pande zote. Msipake grisi.

3. Msifunge kipande cha tairi au zulia kwa waya. Kikilegea kinaweza kuingia chini ya breki. Kikiwa kipana sana, mguu unaweza kukanyaga pedali mbili pamoja.

4. Dereva apanguse viatu kabla ya kuingia. Chupa zisiachwe karibu na miguu yake.

Mweka hazina asiseme pesa hakuna. Raba ni bei ndogo. Anayebebwa na gari hiyo ni mzazi wa mtu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.