Si Kila Maumivu ya Kiuno Ni MS

Mtu akishaambiwa ana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wenyewe huufupisha MS, kila kinachomuuma baada ya hapo hubebeshwa jina hilo. Kiuno kikikaza asubuhi, ni MS. Mgongo ukiwaka moto baada ya kupanda ngazi, ni MS. Na kwa kuwa MS haijapata dawa ya kuiondoa kabisa, kiuno nacho huachwa kiume, mgonjwa akaambiwa astahamili. Nalikataa jambo hili. Maumivu ya kiuno kwa mwenye MS yana sababu zake, nyingi kati ya hizo hutibika, na hata katika Kisiwa cha Mombasa, penye joto na ngazi nyingi, mtu anaweza kupata nafuu ya kweli iwapo sababu zenyewe zitatafutwa.

MS huanza pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe na kuishambulia mailini, utando wa mafuta unaozifunika neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Aghalabu huwapata watu wa miaka 20 hadi 40, wanawake zaidi kuliko wanaume. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta kwamba watu wapatao 63 katika kila 100 wenye MS wana maumivu ya aina fulani, na kama 20 huumwa na mgongo. Aina hizo hazilingani. Yako maumivu ya neva zenyewe: kuungua, kuchomachoma, au shoti inayoteremka mgongoni mtu akiinamisha shingo. Hayo panadoli huyaweza kidogo sana. Madaktari huyatuliza kwa dawa kama amitriptilini au gabapentini. Kiuno mara nyingi kina kisa kingine. Mguu dhaifu ukiburuta ncha ya wayo, mtu huinua nyonga ili asijikwae, na misuli ya kiuno upande huo ikafanya kazi isiyo yake kwa maelfu ya hatua. Misuli ya mapaja ikikakamaa, huivuta nyonga mbele na kiuno kikapinda. Sasa mtie mtu huyo katika nyumba ya ghorofa ya Mji wa Kale, yenye ngazi za mbao nyembamba zilizosimama wima, kisha umkalishe jioni nzima juu ya kibaraza cha mawe bila kitu cha kuegemea. Vidonge vya maumivu havitaurekebisha mguu wake.

Wengi watasema papo hapo: hata kama ni hivyo, nani atafanya mazoezi katika joto la Mombasa? Pingamizi hili lina uzito, tena lina historia. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza wagonjwa ambao uoni wao ulififia walipojitahidi kimwili. Baadaye ilieleweka kuwa neva iliyopoteza mailini hushindwa kupitisha ujumbe mwili ukipanda joto hata nusu nyuzi ya Selsiasi. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, mchana wa Mombasa hupita nyuzi 31 pamoja na unyevu unaozuia jasho kukauka, na mwenye MS anaweza kuhisi miguu yake imekuwa ya mtu mwingine. Lakini kulegea huko hupita mwili ukipoa. Si shambulio jipya, wala neva haziharibiki zaidi. Kwa hiyo joto linatuambia saa ya kufanya mazoezi. Baada ya swala ya alfajiri, vichochoro vikiwa bado na kivuli, dakika 15 za kutembea zinatosha kuanzia. Kanga iliyolowa maji baridi shingoni husaidia. Kuta nene za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa ajili ya hewa hii hii, na chumba cha chini chenye mkeka kinafaa kwa kunyoosha mapaja na kuimarisha tumbo. Bahari nayo isisahauliwe: maji ya pwani yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi, karibu na kiwango kinachopendekezwa kwa mazoezi ya majini ya wenye MS. Ila mwenye mguu dhaifu asiingie peke yake.

Pingamizi la pili lina mizizi zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wanaompenda mgonjwa. Lala, upumzike. Madaktari wenyewe waliwaambia hivyo wenye MS kwa miongo mingi, wakihofia kwamba kuchoka kungechochea ugonjwa. Tafiti zilizokusanywa baadaye hazikuona mazoezi yakiongeza mashambulizi, na sasa ushauri umegeuka. Kuhusu kiuno, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi: lilipendekeza elimu na mazoezi, likakubali ukandaji kwa baadhi ya watu, likashauri dhidi ya mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya afyuni. Mkandaji wetu wa mafuta ya nazi basi ana nafasi yake. Awe mwangalifu tu na kitambaa cha moto, kwani ngozi iliyopoteza hisia huungua bila mwenyewe kujua. Na anayeshindwa kurukuu asijitese: sheria ya Kiislamu inamruhusu mgonjwa kuswali ameketi.

Sidai kwamba kila kiuno ni cha mazoezi. Kifua kikuu cha mgongo bado kipo Kenya, na aliyetumia steroidi mara kwa mara anaweza kuwa na pingili zilizodhoofika hadi kuvunjika. Homa, kukonda, ganzi mpya baina ya mapaja au mkojo uliobadilika ghafla ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Ugumu ni kwamba mkojo wa wenye MS wengi una matata tangu zamani, hivyo mgonjwa ajue hali yake ya kawaida ili aweze kueleza kilichobadilika.

Gharama nazo ni mzigo wa kweli. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha ya dawa muhimu, ikiwemo rituksimabu, lakini kuwa kwenye orodha si kuwa dukani. Bakora haihitaji orodha. Ikishikwa kwa mkono ulio kinyume na mguu dhaifu, hupunguza kuyumba kwa nyonga kila hatua. Kwa mzee wa Mwambao bakora ni heshima. Kwa binti wa miaka 28 huonekana aibu, na aibu hiyo ndiyo inayomlipisha kwa kiuno chake. Daktari au mtaalamu wa viungo, iwe katika Hospitali Kuu ya Pwani au zahanati ya mtaani, anaweza kuanza kwa kumwomba atembee hatua kumi ukumbini, bila viatu, na kuutazama ule mguu.