Betri Haina Kosa Mpaka Ipimwe

Motokaa inapokataa kuwaka asubuhi, wa kwanza kuhukumiwa ni betri. Mwenye gari hufungua boneti, hutazama, hutikisa kichwa, kisha hukimbilia dukani kununua betri mpya. Gari huwaka, naye hufurahi. Lakini baada ya siku nne au tano taabu ile ile humrudia. Fedha zimekwenda, abiria wamechukuliwa na wengine, na ugonjwa ungali palepale. Kwa dereva wa teksi ambaye watu wa nyumbani mwake hula alichokipata siku ile ile, au kwa mkulima ambaye hana budi kufikisha maziwa kabla jua halijapanda, hasara ya namna hii si jambo dogo.

Yafaa kila mwenye gari ajue kwamba ugonjwa huu una asili tatu, na kwamba zote zaweza kupimwa kwa mita ndogo ya umeme ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya betri.

Mfano wa mtungi

Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, kabla motokaa hazijakuwapo. Hata leo betri ya kawaida ya gari hufuata asili ile: ina vyumba sita, na katika kila chumba mna sahani za risasi zilizozama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo.

Msomaji na aifikiri betri kama mtungi wa maji. Mtungi hauchoti maji, huyaweka tu. Mchotaji ni altaneta, ile mashine izungushwayo na ukanda wa injini, ambayo ilishika nafasi ya dainamo za magari ya zamani. Wanywaji ni starta, taa, redio na vyombo vingine vyote. Basi asubuhi mtungi ukikutwa mtupu, maswali ni matatu: Je, mtungi ni mzima? Je, mchotaji aliuleta umeme jana? Je, yuko anywaye usiku watu wamelala?

Je, mtungi ni mzima?

Kwanza tazama vichwa vya betri. Vikiwa vimelegea, au vimefunikwa na unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri hata betri ikiwa mpya. Fungua nyaya, ukianza na ule wa hasi, uvisafishe kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi ya kupikia, ukiangalia sana yasiingie ndani ya vyumba. Wakati wa kurudisha nyaya, wa hasi uwe wa mwisho. Kagua pia waya mnene unaoiunganisha betri na bodi la gari, kwa maana waya huo ukishika kutu, starta hunung'unika kana kwamba betri imekufa.

Kisha pima. Gari liwe limelala usiku kucha. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo; volti 12.4 ni kama robo tatu, volti 12.2 ni nusu. Na volti 12 ni kama robo tu. Ikiwa namba ni ndogo, usiihukumu bado. Betri tupu si lazima iwe betri mbovu, kama vile mtungi mtupu si lazima uwe umevunjika. Ipeleke ikachajiwe polepole mpaka ijae, ndipo ijaribiwe.

Jaribio lenyewe ni hili: mwenzako awashe injini huku wewe ukitazama mita. Betri nzima iliyojaa, kama hali ya hewa si ya baridi kali, haitashuka chini ya volti 9.6 starta inapozunguka. Ikiwa ilionyesha 12.6 lakini mara ikaanguka mpaka 8 au 7, sahani zake zimechoka, na hapo ndipo inapostahili kuondolewa.

Je, mchotaji analeta?

Injini ikiwa inanguruma, pima tena palepale juu ya vichwa vya betri. Katika magari mengi namba yapasa kuwa kati ya volti 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni ya ndani. Namba yaweza kupungua kidogo, lakini isianguke hadi 12. Ikianguka, altaneta hailishi betri. Tazama ukanda kama umelegea au umekatika, kisha nyaya zake, kisha fundi aifungue altaneta yenyewe aone brashi za kaboni na kidhibiti cha volti.

Namba ikipanda kupita 15, hilo nalo ni hatari: betri inalishwa kupita kiasi, maji yake huchemka na kukauka, na sanduku lake laweza kuvimba. Magari ya siku hizi yanayoongozwa na kompyuta hubadili volti yenyewe kwa makusudi, hivyo pima mara kadhaa kabla ya kukata shauri.

Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi nayo ni shahidi. Ufunguo ukizungushwa kabla ya injini kuwaka, taa hiyo huwaka. Injini ikiwaka, huzimika. Ikibaki inawaka safarini, altaneta haifanyi kazi, na gari linaendeshwa kwa akiba ya betri peke yake.

Hapa lipo onyo. Mafundi wengine, ili kujua kama altaneta inafanya kazi, huchomoa waya wa betri huku injini inazunguka. Desturi hii na iachwe. Betri hutuliza umeme wa altaneta. Ikiondolewa ghafula, volti hupanda kwa kishindo na zaweza kuiua kompyuta ya gari, ambayo bei yake hupita betri nyingi.

Mwizi wa usiku

Ikiwa betri ni nzima na altaneta yalisha vema, basi kikulacho ki nguoni mwako. Kila gari la kisasa hunywa umeme kidogo hata likilala, kwa ajili ya saa, kengele ya wezi na kumbukumbu za kompyuta. Kiasi cha kawaida hakizidi miliampea 50. Betri ya ampea-saa 60 ikinyonywa hivyo hupoteza ampea-saa 1.2 tu kwa siku. Lakini taa ndogo ya buti ya wati 5, ikisahauliwa au swichi yake ikikwama, hunywa karibu ampea-saa 10 kwa siku. Siku ya tatu nusu ya betri imekwisha.

Kumtafuta mwizi, zima kila kitu, toa ufunguo, fungua waya wa hasi, uiweke mita katikati ya waya huo na kichwa cha betri, ikiwa imepangwa kupima ampea 10. Usiwashe injini wala taa kubwa wakati huo, maana mita itaungua. Ngoja nusu saa hata saa nzima, kwa kuwa kompyuta za gari huchelewa kulala. Namba ikibaki kubwa, chomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ikichomolewa namba hushuka, njia yake ndiyo nyumba ya mwizi. Mara nyingi atakutwa katika redio iliyoongezwa, taa za mapambo, au kifaa cha kuonyesha gari liko wapi kilichofungwa vibaya.

Fyuzi zote zikichomolewa na namba isishuke, ishuku altaneta. Ndani yake mna vipande viitwavyo dayodi, ambavyo huuruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Kimoja kikiharibika, umeme hurudi nyuma usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, iguse: ikiwa ina joto ilhali injini ni baridi, umempata mchotaji aliyegeuka mwizi.

Tahadhari

Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka. Kwa hiyo sigara na kiberiti vikae mbali. Tindikali hupofusha macho. Na kwa betri za kufunguliwa, maji yakipungua hayaongezwi kwa tindikali wala maji ya kisima, bali kwa maji yaliyopatikana kwa kukusanya mvuke, kiasi cha kuzifunika sahani.

Tena risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo kuitupa betri iliyo nzima si hasara ya mfuko peke yake.

Basi, fundi akisema betri imekwisha, mwombe kwa adabu akuonyeshe namba nne: volti za gari lililolala, volti za starta inapozunguka, volti za injini inayonguruma, na miliampea za usiku. Akikuonyesha, amepima. Asipoweza, amebahatisha, na fedha itakayopotea ni yako.