Mashine ya Kunyonya Hewa Ukaa: Je, Mkulima wa Nyanya Anaihitaji?

Juzi kijana mmoja mwenye kitalu nyumba cha nyanya alinipigia simu: "Bwana shamba, nimeona video ya mashine inayonyonya hewa ukaa angani. Nyanya si zinaipenda? Nikope ninunue?" Nikamwambia subiri kwanza, tuelewane.

Ni kweli mmea hutengeneza chakula kwa mwanga, maji na hewa ukaa. Ila hewa hiyo ni kidogo: katika sehemu 10,000 za hewa ya nje, ni kama 4 tu. Kwa hiyo feni hupitisha hewa nyingi mno kwenye chujio lenye kemikali inayoinasa. Chujio likijaa, linafungwa na kupashwa joto hadi karibu nyuzi 100, hewa ukaa inaachia na kukusanywa. Gharama iko hapo: umeme na joto.

Mwaka 2017 kampuni ya Climeworks ilijaribu kazi hii Hinwil, Uswisi. Mashine 18 ziliwekwa juu ya kiwanda cha kuchoma taka ili zitumie joto lake. Lengo lilikuwa tani 900 hivi kwa mwaka, zipelekwe kwa bomba kwenye kitalu nyumba cha jirani. Kule kwenye baridi vitalu hufungwa, mimea inamaliza hewa ukaa ya ndani, ndiyo maana wanaongezea. Jirani zetu Kenya nao wanajaribu: Octavia Carbon wako Gilgil, kwenye joto la ardhini la Bonde la Ufa.

Sasa turudi kwako. Kitalu chako kina nyavu pembeni, upepo unaleta hewa ukaa bure. Ukiinunua, itatokea kwenye nyavu hizohizo pamoja na hela yako. Kagua kwanza: Je, nyavu zimeziba kwa vumbi? Majani ya chini umepunguza? Maji na mbolea vinatosha? Kama hayo bado, hewa ukaa ya ziada haitakuokoa.

Na akija mtu kukuuzia mashine ya namna hii, muulize matatu kabla hujasaini: joto linatoka wapi, inakula umeme kiasi gani, na kiasi inachonasa kimepimwa na nani? Akibabaika, msindikize getini.

Kijana wetu ameachana na mkopo. Jumamosi anaosha nyavu. Za kwako zikoje?